Kidole changu ku foni

Papa Furaha, bwana yangu, ni muzima! Iko Pinga, nimesikia sauti yake mwenyewe.

Tangu mulima uliporomoka na kukata barabara, yeye akiwa safarini, simu hazipiti. Imebaki foni, ile redio ya kusemeshana ya watu wa kujitolea, na anayeiongoza hapa Bihambwe ni binti yangu Furaha. Ndiyo, wangu! Masisi yote na Walikale, hata wazee wenye foni zao, hawafungui kinywa mpaka yeye aseme: "Pinga, nakusikia, sema." Akili hiyo najua aliitoa kwa nani.

Leo Pinga ikasema wamepokea wasafiri, wengine wameumia. Sikungoja jina. Nikamunyanganya Furaha mikro ya kusemea, nikabana kitufe kwa nguvu: "Papa Furaha! Uko hapo? Umeumia? Umekula? Jibu basi!" Kimya. Nikaita tena nikilia, kitufe nimekibana vile vile. Kimya. Nikajua bwana yangu amekufa.

"Mama," Furaha akasema polepole, "achilia kidole. Ukibana hivyo hakuna muntu anaweza kukujibu. Na watu wa Kirolirwe wana mugonjwa, wanangoja zamu ya kusema."

Nikaachilia. Njo pale nikasikia sauti yake: "Mama Furaha, hata ku foni unanikatia maneno?"

Furaha alicheka akilia. Mimi pia. Halafu haya ikanikamata juu ya yule mugonjwa.

Sasa mvua imeanza tena, na wao wasafiri watazunguka porini kwa miguu kuja huku, huo mulima bado unaporomoka. Mungu wangu, kama...

Hapana. Papa Furaha amesema watafika wote, siku ya Mungu, jumapili.