Doa Jekundu Nyuma ya Jiko Letu

Nyumbani, nyuma ya ghala la chumvi,
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mwanangu, kitindamimba wangu,

Pokea salamu zangu, tena nyingi. Hujambo? Unalala vizuri? Na kile kifua, kimepona? Huko juu kuna baridi, vaa sweta mbili, usiniambie eti ndegeni kuna joto. Sisi hatujambo, isipokuwa baba yako, anayedai nimemdhulumu. Nitakueleza.

Barua yako ilifika. Ulisema Alhamisi ndege yenu itapita juu ya mtaa wetu, na kile chombo chako kitapima gesi ambazo jicho halizioni, kwa mwanga wa joto, kama ule wa pasi, unaouhisi usiuone. Nilisoma mara tatu. Nilichoshika ni kwamba hata gesi ya ng'ombe kinaiona. Nikasema, basi mwanangu hataaibishwa na nyumba yake mwenyewe mbele ya wakubwa wake.

Toka Jumanne nikamkataza baba yako maharage. Akalalamika, "Mke wangu, ndege iko juu kule!" Nikamjibu, "Na wewe ni mkubwa kuliko ndama."

Alhamisi asubuhi nikazima jiko, nikawaomba na majirani wazime yao. Walininunia, lakini walizima. Ndege ikapita, nikapunga taulo mpaka bega likauma. Uliniona?

Jumatatu iliyofuata ikaja picha yako. Mtaa mzima kijivu, safi kabisa, halafu doa jekundu, hapo hapo pembeni mwa jiko letu! Maneno ya chini sikuyasoma hata moja. Nilimgeukia baba yako. "Umekula wapi?" Akatazama viatu vyake. Kwa fundi cherehani, mwanangu! Jumatano, sahani mbili! Na fundi mwenyewe alipoulizwa alicheka mpaka akajidunga sindano.

Baba yako akaomba miwani apate kujitetea. Ndipo akasoma ulichoandika chini ya picha: gesi hii ni nyingi mno, tafuteni upesi inapovuja, msiwashe moto karibu.

Unajua nyuma ya ukuta wetu ndipo muuza maziwa alipochimba lile tangi la mavi ya ng'ombe, linalompa gesi ya kuchemshia maziwa. Mwaka mzima namwambia kichwa kinaniuma nikiwa jikoni, naye, "Mama, hayo ni kumwaza mwanao aliye angani tu." Hata mimi niliamini. Safari hii sikumwambia kitu, nilimwekea picha mkononi. Akamwita fundi bomba mbio mbio.

Kifuniko kilikuwa kimepasuka upande wetu, ufa wa kupitisha mkono. Fundi akatazama ukuta, akatazama jiko langu, akavua kofia. "Mama, hapa ndipo unapowasha kiberiti kila asubuhi?" Nikakaa chini.

Wameziba. Kichwa kimetulia. Muuza maziwa siku hizi ananisalimu akiwa bado mbali.

Sasa la moyoni. Nilikuwa nimekuandikia barua nyingine, kurasa nne, kukusihi uache kazi ya ndege kabla mwezi haujaisha. Nafasi ya karani kiwanda cha sabuni nilishakuombea. Kila ndege ikinguruma, mimi roho mkononi. Nilidhani wewe ndiwe unayening'inia, mimi niko salama nchi kavu. Kumbe anayening'inia ni mimi, na kiberiti mkononi!

Ile barua nimeichana. Ruka, mwanangu. Ila usichungulie dirishani.

Shangazi yako na fundi cherehani wanakusalimu. Baba yako pia, ingawa bado amenuna. Msalimie rubani, mwambie aende polepole. Mungu akushike mkono kupanda na kushuka.

Wako akupendaye kupita kipimo cha chombo chochote,
Mama

Nimesahau: mkipita tena, usinitajie siku. Baba yako nimemwachia maharage yake ale ashibe. Ukiona kidoa kidogo juu ya nyumba yetu, ujue ni yeye, na sote ni wazima.