Nilijibu Hakuna

Dada mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, shemeji na watoto. Mimi ni mzima wa kuchechemea. Usiucheke mwandiko, kidole cha shahada kimevimba chote, kalamu naishika kama mtoto wa chekechea.

Mwaka mzima sikuelewa naumwa nini. Daktari wa kwanza alisema ni jongo, eti nimezidisha nyama. Nikaacha nyama, vidole vikavimba vilevile. Wa pili, wa mifupa, akasema ni baridi yabisi, lakini damu ilipopimwa majibu yakaja safi. Wa ngozi akanipa dawa ya kupaka magamba ya viwikoni. Kila mmoja aliniuliza ya kwake tu, nami nikamjibu ya kwake tu. Mbele ya yule wa mifupa sikukunja hata mikono ya shati. Unajua tulivyolelewa.

Kumbe vyote ni kitu kimoja. Daktari wa viungo, mama mmoja mpole, aliviacha vidole akatazama kucha. Zina vishimo vishimo kama subana yangu ya kushonea, nami nilidhani ni kazi imeziharibu. Akanieleza kwamba soriasis, hiyo ya magamba, humshika mtu ngozi na viungo pia, na kiungo kikishaharibika hakirudi. Nikamuuliza kama nitashona tena. Akasema huenda. Nimepewa vidonge vya mara moja kwa wiki, na damu nipimwe kila mwezi. Mpaka sasa sijui nifurahi au nilie.

Sasa dada, nisikilize bila kukasirika. Aliniuliza kama kuna mwenye magamba katika familia. Nilijibu hakuna, kama mama alivyotuapisha ulipochumbiwa, ili shemeji asijue. Mpaka leo unalala na kitambaa kichwani. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikashindwa kuficha. Nilimwambia ni wewe, tangu una miaka kumi na tisa. Sijui kama nimekusaliti.

Akauliza kama viungo vinakuuma. Nilikuwa naanza kusema hapana, nikakumbuka ulivyoshuka ngazi zetu kinyumenyume, ukadai unawachekesha watoto. Nilipomsimulia, daktari hakucheka. Amekuwekea nafasi Jumatano asubuhi.

Wasalimie watoto. Shemeji mwambie utakalo, hata kwamba unakuja kunisaidia kushona vifungo. Lakini usipotokea Jumatano, barua nyingine nitamwandikia yeye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi