Tumeuza Hofu Ikiwa Bado Ua

Jumanne, Chuno. Kumekucha na kibaridi, kusi inapeperusha vumbi hadi ndani ya sufuria. Mikorosho iko kwenye maua, na koo langu linawasha kama niliyemung'unya ganda la korosho mbichi.

Shajara yangu, leo sikuja kujisifu. Ila nianze na sifa kidogo, maana mtoto ni wangu: Hamidu ana akili. Chuo kamaliza, hesabu anazifanya kichwani huku anakula, na mtaa mzima huu hakuna mwingine anayefanya biashara kwenye masoko ya Marekani akiwa amekaa mkekani. Nimewaambia watu hivyo sokoni, madrasa, hata msibani.

Pesa yangu ya korosho za msimu uliopita nilimpa yeye aizungushe. Shemeji yangu Mfaume, mdogo wa marehemu mume wangu, anauza shamba la Kitaya. Baba Hamidu amelala humo, chini ya mikorosho aliyoipanda kwa mkono wake. Nilitaka nilinunue mimi, na shemeji alisema atanisubiri mpaka mikorosho itoe maua. Pesa niliyokuwa nayo haikutosha.

Hamidu akanunua mfuko wa uwekezaji unaofuata kipimo cha hofu. Huko kwa wenzetu hofu ina kipimo: wenye pesa wakitishika kinapanda, na mfuko unapanda nacho.

"Mama, hofu lazima ije," akasema. Nikamwambia hilo hata mimi wa darasa la saba nalijua.

Shida, soko likitulia mfuko unayeyuka kidogo kidogo kama barafu mkononi mwa mtoto. Kwa hiyo kila mwezi akawa anauza ruhusa: mtu analipa ada, naye anaweza kuuchukua mfuko wetu kwa bei tuliyopatana leo, mpaka siku fulani. Asipoutaka, ada inabaki kwetu na mfuko tunao.

"Si useme kishika uchumba!" nikamwambia.

Hamidu akacheka mpaka akapaliwa. "Hicho hicho, mama. Mchumba asipotokea, hela hairudi na binti yupo nyumbani."

Nikapenda. Mchumba wa kwanza hakutokea. Wa pili hakutokea. Nikanunua kanga doti mbili kwa ada zao, nikatamba.

Sikuuliza akitokea inakuwaje.

Wiki iliyopita hofu ikaja. Masoko yakaporomoka, kipimo kikaruka, mfuko ukapanda kuliko Hamidu alivyowahi kuota. Nikapiga vigelegele. Shamba hilo! Nikamtazama mwanangu, hachekelei. Safari hii mchumba alikuwa ametokea, na mahari tulishaipanga siku za utulivu. Kauchukua mfuko kwa bei ile ile ya zamani. Utamu wote wa juu kaondoka nao.

"Hatujapata hasara, mama. Tumepata faida kidogo."

Faida kidogo! Maneno hayo nayajua. Ndiyo ya wanaouza kangomba: korosho bado ziko kwenye ua, mlanguzi anakupa hela ya kula, mnada ukifika bei iko juu, wewe unabeba magunia ya mtu. Mume wangu amekufa hajauza hata kilo moja ya kangomba. Mimi nimewasema wanawake wenzangu kwa hilo mpaka wengine wakaacha kunisalimia.

Na mimi nimeuza hofu ikiwa bado ua.

Jana nilimpigia simu Mfaume.

"Shemeji, maua yanapukutika," akanijibu. " Nimeshashika hela ya mtu." Halafu, kwa kuwa Hamidu alishamsimulia yote, akaongeza: "Na majivuno yako yote, kumbe na wewe kangomba unakula!"

Akacheka. Nikacheka naye, ningefanyaje? Mtu kanisema, na kapatia.

Hamidu tangu jana hali. Nimemwekea ugali wa muhogo na mchuzi wa pweza, nikamwambia, "Kula baba, mchumba hakukuchukua wewe." Simlaumu. Alinieleza vizuri tu. Mimi ndiye niliyesikia kishika uchumba, nikasahau kwamba wachumba huwa wanaoa.

Ijumaa naenda Kitaya kumwomba huyo mwenye shamba mpya anipishe nifike kaburini. Shamba nililolipalilia mimi. Nitavaa ile kanga ya kishika uchumba, mpya, bado ina harufu ya dukani.

Asije akadhani kampisha mama wa hivi hivi.