Daktari ni mkwe wangu, nikasema goti

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibika, mimi ni mwanamume wa Ikuti, huku wote wananiita Mjomba, nimewahi kupandisha mlima na mikungu minne ya ndizi huku naimba, na chui aliyenikuta njiani alinipisha yeye, sasa mtu kama mimi nashindwa na mkojo, unakatakata, unachoma, na juzi nikaona damu, nikajikaza nikaenda hospitali, naitwa chumba cha daktari, naingia, nani amekaa? Sia, mke wa mwanangu Ezron! Na sisi Wanyakyusa baba mkwe na mkwe hata njiani hawakutani, mmoja anaingia migombani, lakini huyu katoka Moshi, hayajui hayo, akainuka, "Shikamoo baba, karibu, nini kinakusumbua?" Mimi macho ukutani, nikasema, "Goti." Akauliza, "Goti tu, baba? Mkojo unapita vizuri?" Nikamjibu, "Kama maporomoko ya Kaporogwe!" Akacheka, akanikunja goti, akaniandikia vidonge, goti ambalo halijaniuma tangu nizaliwe! Sasa damu inazidi, usingizi sina, hata mke wangu Generosa anajua ni goti, kila jioni ananikanda na maji ya moto, naogopa mshauri, je, nikimaliza hizi dawa haziwezi kupanda juu kidogo?

Mjomba Ambindwile, Ikuti

Mjomba, pole. Na chui naye pole.

Dawa ya goti haipandi. Acha kuimeza leo. Damu kwenye mkojo inaweza kuwa jambo jepesi, inaweza kuwa zito, na hilo halijulikani kwa kukandwa. Binti wa watu alikuuliza swali lenyewe hasa, ukampa maporomoko! Daktari anatibu alichoambiwa.

Mila yenu naiheshimu. Lakini imekataza uso kwa uso, haijakataza kusema. Mama mkwe wa Sia yupo, naye hakatazwi. Basi mwambie Generosa ukweli sasa hivi, kabla hajabandika maji mengine, na kesho asubuhi muende wote wawili. Mkojo ukiziba kabisa, msingoje kesho. Pale mapokezi omba daktari mwingine, mwanamume ukipenda. Wanaombwa hivyo kila siku. Akiwa yupo Sia peke yake, Generosa aseme, wewe utazame ukuta wako, umeshauzoea.

Na ukiulizwa tena habari za mkojo, Kaporogwe iache huko huko iliko. Sema neno moja: damu.