Baba, Matanga Yako Tumeyaondoa Bila Karatasi

Baba,

Tumeshinda. Nilitaka kuanza na salamu kama ulivyonifundisha, lakini neno hili limenikaa kooni tangu Jumamosi na halitaki kungoja.

Kwanza nikiri kosa. Ulipokuwa mkekani, pumzi ikikupungukia, uliniambia: "Veronika, weye unapendaka biro ya serikali sana. Minye nikikufa, usiende kuomba ruhusa ya kunililia." Nami nikaenda kwa karani wa biro. Nisamehe. Siku hizi watu wakijaa uani bila karatasi, chifu anakuja kuuliza, na mimi niliogopa. Nikajisemea, karatasi moja tu, kisha tutaondoa matanga kwa amani: mtungi wa pombe ya mtama katikati, mirija mirefu, watu wakikutaja. Karani akaniuliza tutakuwa wangapi na tutazungumza nini. Tutazungumza nini! Nikamjibu, tutamzungumza baba yangu. Akaandika "mkutano", akasema hauruhusiwi, huu ni wakati wa kupalilia pamba.

Nilirudi kijijini kwetu Lubarika nikilia kwa hasira njia nzima. Miaka yote nilikubishia. Ulipolalamika kwamba watu wa serikali wametupangia nyumba zetu mstari mmoja kando ya barabara ili watuhesabu vizuri, nilikuambia ndiyo maendeleo. Uliposema mtu hawezi tena kwenda kumwona shemeji yake kule Makobola bila kibali, nilikucheka. "Kesho watatudai karatasi ya kupiga chafya," ulisema, na mimi niliyesoma kwa masista nikakuona mtu wa zamani. Kumbe hukuchukia shule wala dawa. Ulichukia kuomba kilicho chako.

Mama ndiye aliyetutoa kwenye shida hiyo. Alikuwa anachambua maharage, hata kichwa hakuinua. "Na pamba, iko inaombewaka karatasi?" Basi! Desturi yetu si inajulikana? Wafiwa hawashiki jembe mpaka siku ya kuondoa matanga, na siku hiyo wanalima pamoja, ndipo wanakunywa. Tukawaambia watu wote waje na majembe kwenye shamba lako la pamba ya lazima, lile lile ulilolilaani kila msimu.

Walikuja, Baba! Hata wa milimani walishuka. Tulipalilia tukiimba jina lako, na mimi nililia na kulima, kulima na kulia, sikujua jasho ni lipi na machozi ni yapi. Jua lilipokuwa kali, mtungi ukatolewa.

Hapo ndipo monitere wa pamba akafika na baiskeli yake. Alisimama mdomo wazi. Tangu alipoletwa kutusimamia hajapata kuona watu wa Lubarika wakiingia kwenye pamba bila kusukumwa. Baba mdogo Mathiasi akampa mrija. "Njoo, monitere, wenye kulima banakunywaka," akamwambia, na hakusema uongo. Akanywa, tena si kidogo. Akaandika katika daftari lake kwamba sisi ni mfano wa bidii. Mbele ya macho yake Mama akavua kitambaa cha msiba, baba mdogo akasimulia maisha yako tangu utoto, tukakuombea, na monitere akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Alipoondoka, Mama akacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu tukuzike. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini kwenye udongo, halafu nikalia tena, kwa sababu wewe ndiye ungefurahi kuliko wote na hukuwepo.

Karani akisikia, asikie. Hakuna alichotunyima.

Pumzika sasa, Baba, kazi yako imeisha. Yangu naahidi hii: kesho napanda kule juu kwenye mihogo yako, ambako hakuna anayekuja kupima wala kuandika. Nitalima nikitaka. Nikichoka, nitakaa, nilitazame ziwa kule chini mpaka nitosheke.

Binti yako,
Veronika