Mwaka Mwingine Kisiwani

Mzee wangu,

Wali uko kwenye sufuria ya kijani, mchuzi nimeufunika kwa sahani. Dawa ya presha meza ukishakula. Mvua ikianza, anua mashuka.

Nimekwenda kanisani kuwafundisha kina mama kushona. Sikukuaga. Asubuhi askofu alipokupigia simu, nilikuwa nyuma yako na kikombe chako cha chai. Alikuuliza kama tutaongeza mwaka mmoja wa umisionari hapa kisiwani. Ukacheka, ukamwambia, “Sisi wazee tupotupo tu, baba askofu. Tutabaki.”

Sisi nani? Hata kugeuka unitazame hukugeuka. Na kule nyumbani mkwe wetu anajifungua mwezi ujao.

~~Nikitoka kanisani napitia bandarini kuulizia tiketi ya mtu mmoja.~~

Sijakasirika. Tangu tuoane umenisemea kwa wachungaji, kwa madaktari, hata kwa fundi viatu, na miguu ni yangu. Huenda na mimi nataka kubaki. Hawa wanawake nimewazoea. Lakini hujui, maana hukuuliza.

Nikirudi, zima redio, keti, uniulize. Halafu unyamaze mpaka nimalize kujibu.

Mama watoto