Wamekulaza Zizini?

Katindiuka, Ifakara
17 Januari 2024

Mwanangu Levina,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Mimi mzima wa mwili, ila moyo hauko mahali pake. U hali gani huko?

Jana mwenzako unayeishi naye Leeds, yule Alex, kanitumia ujumbe wa Kiingereza. Kwamba gari limekugonga kwenye barafu, nimeelewa. Kwamba uko hospitali, nimeelewa. Mwishoni kaandika, "She is stable." Hapo nikakwama. Nilipompigia, anaongea kama maporomoko ya Sanje, sikudaka hata tone. Nikafukua kamusi uliyoiacha tangu sekondari, nikatafuta hilo "stable". Inasema: zizi la farasi.

Mwanangu, kwa nini wamekulaza zizini? Hospitali zao zimejaa? Au ni kwa sababu wewe mgeni? Jirani yetu mama Brigitha kanifariji: "Baba Levina, hata Mtoto Yesu alilazwa zizini." Nikamjibu, Mtoto Yesu hakuwa amegongwa na gari.

Simu yako haipatikani. Ukiupata ujumbe huu, nijibu japo kwa ufupi.

Baba yako,
Telesphory


24 Januari

Mwanangu,

Umeamkaje? Bado kimya. Leo nimekwenda hospitali hapa mjini, nikamwonyesha muuguzi Happyness, yule uliyesoma naye. Alicheka kwanza, kisha akauona uso wangu, akaacha. "Siyo zizi, Baba. Maana yake hali yake haibadiliki."

Nilitoka pale nikisema bora lingekuwa zizi. Haibadiliki! Kwa hiyo hupati nafuu? Magugu yanaumeza mpunga, na mimi nashinda mlangoni na simu mkononi.

Baba yako


Leeds
9 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini hujambo na presha haijapanda. Simu yangu ilisagwa na lile gari. Leo Alex ameniletea nyingine, nami nimesoma barua zako zote. Nimecheka mpaka mshono ukaniuma, halafu nikalia.

Siko zizini, Baba. Niko wodini, kwenye kitanda safi. Daktari akisema "stable" ana maana mgonjwa ametulia, hazidiwi. Hata meza isiyoyumba wanaiita hivyo, hata ndoa. Lakini kamusi nayo haikukudanganya, maana banda la farasi linaitwa vilevile. Mwalimu wangu wa isimu alikuja kuniona, akaniambia yote mawili yametoka kwenye neno la Kilatini la kusimama. Zizi ni mahali mnyama anaposimama. Aliyetulia ni yule anayeweza kusimama.

Hilo ndilo linaloniuma. Kila asubuhi wanasema mimi ni stable, nami nimelala chali. Nyonga imevunjika, Baba. Sikutaka Alex akuambie. Nikijaribu kusimama, miguu inanikataa. Nimewaambia wauguzi kesho wasije kunijaribisha.

Mwanao,
Levina


Katindiuka
10 Februari

Marahaba mwanangu,

Mungu ni mwema. Asante kwa kunitoa zizini.

Sasa nisikilize. Wewe ulichelewa kusimama dede. Wenzako walikuwa wanakimbiza kuku, wewe umekaa tu mkekani. Watu wakasema mengi. Marehemu mama yako hakukuvuta mkono hata mara moja. Alikaa mbele yako akipepeta mchele na kukuimbia. Siku moja ukashika ukingo wa ungo, ukajiinua. Mchele wote ukamwagika, na wewe ukasimama juu yake! Mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna posa. Tuliula mchele ule na mchanga wake.

Waache waje. Ukianguka, umeanguka.

Baba yako


Leeds
2 Aprili

Shikamoo Baba,

Hujambo? Mama Brigitha hajambo? Nisamehe kwa kimya, mazoezi yananimaliza nguvu.

Niliwaita wauguzi warudi. Nikawaangukia mikononi. Kesho yake tena, na tena. Wiki iliyopita nikasimama, nikashika dirisha, nikatazama manyunyu yao haya ambayo huko Kilombero tusingeyaita mvua. Sasa natembea kwa gongo.

Daktari anasema nitachechemea, pengine maisha yote. Nimepewa ruhusa nije nyumbani mwezi wa tano, nipumzike, kisha nirudi kumalizia masomo. Ila nahofia nitakuongezea kazi, Baba. Kuvuna siwezi. Kukaa mkekani siwezi. Na naogopa macho ya watu nikishuka stendi.

Mwanao


Katindiuka
3 Aprili

Marahaba mwanangu,

Huku sote wazima, na mama Brigitha anakusalimu.

Njoo. Fundi Bryson ameanza kukuchongea kiti kirefu chenye mikono. Mpunga unachanua, na ndege hawako mbali. Nahitaji mtu wa kukaa kibandani shambani awapigie kelele, na kelele hukuwahi kupungukiwa.

Stendi nitakuwepo mapema. Goti langu la kulia siku hizi linagoma, nilikuwa sijakuambia. Basi wakitazama, waache watazame. Watasema huyu kweli ni mtoto wa Telesphory, hata mwendo kamrithi.

Baba yako